Robo Kilo ya Chumvi: Kiumbe wa Star Trek na Njia ya Kwenda Eyasi

Miongoni mwa viumbe wa kutisha waliozaliwa na bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya kanuni za sayansi au juu ya makisio ya mahali ambapo sayansi inaweza kufika, yupo mmoja ambaye haja yake haitofautiani na haja ya ng'ombe wa Nkololo, huko Bariadi mkoani Simiyu, wakati wa kiangazi, kwa maana kiumbe huyo anataka chumvi na hataki kingine chochote. Alionekana katika sehemu iitwayo "The Man Trap", jina linaloweza kufasiriwa kuwa "Mtego wa Watu", ambayo ndiyo iliyofungua tamthiliya ya Star Trek katika televisheni ya NBC ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Mswada wake uliandikwa na George Clayton Johnson, sehemu yenyewe ikaongozwa na Marc Daniels, na mwasisi wa tamthiliya yote alikuwa Gene Roddenberry. Msomaji wa Kiswahili ana sababu mbili za kuitazama upya sehemu hiyo: ya kwanza ni kwamba Kiswahili chenyewe kinasemwa ndani yake, na ya pili, ambayo ndiyo nzito zaidi, ni kwamba njaa ya chumvi iliyoonyeshwa pale kama tabia ya zimwi ni jambo ambalo wazee wa Usukuma walilijua kwa nyayo zao, kwa sababu waliifuata chumvi kwa miguu hadi Ziwa Eyasi na kurudi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Chombo cha anga kiitwacho Enterprise kinafika kwenye sayari ya M-113, ambako mwanaakiolojia Robert Crater na mkewe Nancy wanachimbua magofu ya jamii iliyokwisha kutoweka, na daktari wa chombo, McCoy, ambaye zamani alimpenda Nancy, anateremka kuwapima afya. Kila mmoja anamwona mwanamke huyo kwa sura tofauti: daktari anamwona kijana kama alivyomwacha, nahodha Kirk anamwona mtu mzima mwenye mvi, na mhudumu mmoja anamwona msichana mwingine kabisa. Hicho ni kiinimacho, kwa kuwa Nancy wa kweli alikwisha kufa, naye anayeonekana ni kiumbe wa mwisho wa jamii yake, mwenye uwezo wa kusoma mawazo ya mtu na kujivika sura ambayo mtu huyo anaitamani. Ombi pekee ambalo Crater analitoa kwa wageni wake ni vidonge vya chumvi, kisha waondoke. Baadaye wahudumu wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine, wakiwa na mabaka mekundu usoni, na daktari anapoipima maiti ya kwanza anagundua kwamba mwilini hamna chumvi hata kidogo.

Mahali Kiswahili kinapoingia ni pale kiumbe huyo, akiwa amekwisha kupanda chomboni, anapokutana ujiani na afisa wa mawasiliano, Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Anayasoma mawazo yake, anakuta upweke, anajigeuza mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili, na kwa maneno machache tu mwanamke yule anakuwa kama aliyefungwa kamba. Jina Uhura lina asili inayojulikana. Nichols alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na kwamba Roddenberry alilipenda neno hilo, akaibadili irabu ya mwisho ili lisikike kuwa jina la kike. Mabadiliko hayo yanafuata kanuni ya baadhi ya lugha za Ulaya, ambako mwisho wa jina hubainisha jinsia, ilhali katika Kiswahili neno uhuru linatokana na huru kwa kiambishi u- cha nomino dhahania, na irabu ya mwisho haina habari na uume wala uke. Jina lake la kwanza, Nyota, halikuwamo katika tamthiliya ya awali. Lilipendekezwa na mwandishi William Rotsler mwaka 1982, likatamkwa katika filamu kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Mwaka ule wa 1966 wenye lugha hawakupata nafasi ya kuisikia katika nyumba zao za Tanzania Bara, kwa kuwa televisheni ilianza huku mwaka 1994, ingawa Kenya ilikuwa nayo tangu 1962 na Uganda tangu 1963.

Linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni kwamba salamu ile ya Kiswahili ilitumwa na njaa. Kiumbe hakumtafuta Uhura kwa ajili ya maongezi. Alimtafuta kwa ajili ya kile kilichomo katika damu yake, na lugha ilikuwa chambo tu. Ili kuelewa ni nini hasa alichokuwa akikifuata, inafaa kueleza chumvi ni kitu gani ndani ya mwili na ipo kwa kiasi gani.

Chumvi ya kula, ambayo katika baadhi ya lahaja za pwani huitwa pia munyu, ni muungano wa elementi mbili, sodiamu na klorini, na inapoyeyuka majini muungano huo huachana na kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme: za sodiamu zina chaji chanya na za kloraidi zina chaji hasi. Mwili wa mtu mzima mwenye kilo 70 una sodiamu inayokaribia gramu 100, kiasi ambacho kikigeuzwa kuwa chumvi ya mezani kinakuwa takriban gramu 250. Kwa hesabu ya dukani hiyo ni robo kilo, maana yake ni kwamba pakiti ya nusu kilo inayouzwa katika duka lolote la Nkololo imebeba chumvi ya watu wawili wazima. Sehemu kubwa ya sodiamu hiyo imo katika damu na katika maji yanayozizunguka seli, na sehemu nyingine, ambayo ni karibu theluthi au zaidi kidogo, imefungwa ndani ya mifupa isikoweza kutoka kwa haraka. Damu yenyewe ina ladha ya chumvi kwa sababu hiyo, na ndiyo maana dripu ya kawaida inayotundikwa kitandani kwa mgonjwa ni maji yenye gramu 9 za chumvi katika kila lita, uwiano unaokaribiana na ule wa damu.

Kazi ya sodiamu ni nyingi, lakini iliyo kuu kwa kisa hiki ni kazi ya neva. Neva ni uzi mrefu wa seli unaopeleka taarifa, na taarifa hiyo husafiri kama wimbi la umeme ambalo linawezekana tu kwa sababu nje ya utando wa neva kuna sodiamu nyingi na ndani kuna kidogo. Utando una milango midogo inayofunguka kwa muda mfupi mno, ioni za sodiamu zinaingia kwa kishindo, chaji inageuka, na mlango wa jirani unafunguka kwa sababu ya mgeuko huo, hivyo wimbi linasonga mbele. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walilieleza jambo hili mwaka 1952 kwa kupima neva nene ya ngisi, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1963, miaka mitatu kabla ya "The Man Trap" kurushwa hewani. Moyo nao hutegemea mlango wa namna hiyo hiyo ili kulisambaza kila pigo katika misuli yake. Kwa hiyo mtu anayeondolewa sodiamu yote kwa ghafla hafi kwa udhaifu wa taratibu. Neva zake zinanyamaza, pumzi inakatika na moyo unasimama karibu kwa pamoja. Katika jambo hilo mwandishi wa mswada alikuwa sahihi kabisa, na uchunguzi wa daktari McCoy unakubalika.

Pale ambapo kisa kinatia chumvi, kama Kiswahili kinavyosema juu ya kupita kiasi katika maelezo, ni kwenye kasi. Kiumbe anaweka vidole vyenye vinyonyeo usoni pa mtu, na baada ya muda mfupi mwili wote umekauka chumvi. Ioni zikiachwa zisambae zenyewe katika maji, jambo linaloitwa difyusheni, hutembea polepole kuliko inavyodhaniwa: umbali wa milimita moja huchukua dakika sita hivi, lakini umbali wa sentimita kumi, kwa kuwa muda huongezeka kwa kipeo cha pili cha umbali, huchukua siku zipatazo 45. Njia ya haraka ni kuifuata damu, ambayo humaliza mzunguko mmoja kwa dakika moja au karibu na hapo mtu akiwa amepumzika. Hospitali zina mashine inayofanya kazi ya namna hiyo, ile ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, ambayo huipitisha damu kando ya utando mwembamba ili chumvi na taka zihamie upande wa pili. Mashine hiyo, yenye utando mpana kuliko uso wa mtu na pampu ya kuisukuma damu, humweka mgonjwa kitini kwa takriban saa nne. Ngozi nayo imeumbwa kuzuia, na tabaka lake la juu la seli zilizokufa na mafuta haliachii sodiamu ipite isipokuwa kupitia matundu ya jasho. Kiumbe wa M-113 angelazimika kukaa na windo lake kutwa nzima, na hata hapo ile iliyomo mifupani ingebaki.

Hata hivyo, kosa hilo ni dogo mbele ya jambo ambalo tamthiliya ililigusa bila kulichimba, nalo ni kwamba njaa ya chumvi ipo, tena imeenea kwa viumbe wengi wenye damu. Mimea mingi haihitaji sodiamu, kwa hiyo majani huwa nayo kidogo sana, na mnyama anayeishi kwa majani peke yake hupungukiwa kila siku kwa mkojo, jasho na maziwa. Simba hana shida hiyo, kwa kuwa anapokula nyama anakula pia chumvi iliyokwisha kukusanywa na mwili mwingine. Nyumbu, tembo na ng'ombe wanayo. Sodiamu inapopungua, tezi za adrenali, ambazo ni tezi ndogo zinazokaa juu ya figo, hutoa homoni iitwayo aldosteroni, nayo huziamuru figo zisiachie sodiamu ipotee, huku ubongo nao ukiwashwa hamu mahsusi ambayo si njaa ya chakula wala kiu ya maji. Mtaalamu wa fiziolojia wa Australia, Derek Denton, aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuichunguza hamu hiyo na kuiandikia kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1982.

Katika zizi la Nkololo hamu hiyo haihitaji maabara ili ionekane. Mchungaji anaporudi jioni na kuunyosha mkono wake uliokauka jasho, ng'ombe husogea, hutoa ulimi mpana wenye mikwaruzo kama msasa, akaulamba mkono kutoka kifundoni hadi kiwikoni, tena na tena mahali palepale, macho yakiwa yamelegea. Ng'ombe huyohuyo atalamba mpini wa jembe ulioshikwa kutwa nzima, atalamba udongo wa mahali palipokojolewa, na akifungiwa jiwe la chumvi kwenye nguzo atalichonga kwa ulimi hadi liwe na shimo. Wakulima wa Usukuma, ambao wana majina yao ya kuainisha udongo kwa rangi, mteremko na ugumu, huutambua ule mgumu uitwao ibambasi, ambao haupitishi maji kwa urahisi na ambao wanasayansi wa udongo wameukuta na sodiamu nyingi. Ni udongo usiopendwa na pamba, lakini mifugo haiudharau.

Kwa wanyama wa porini mfano unaostaajabisha kuliko yote uko kwenye Mlima Elgon, upande wa Kenya, ambako tembo huingia katika pango la Kitum usiku, wakapapasa njia kwa mikonga katika giza totoro hadi ndani kabisa, kisha wakavunja ukuta wa mwamba kwa pembe zao na kutafuna vipande vyenye chumvi ya sodiamu. Ndama wa tembo hupitishwa humo wakiwa katikati ya wakubwa, na mahali penye nyufa hatari ni panapojulikana na kundi. Yaani mnyama mzito kuliko wote wa nchi kavu amekubali kutembea gizani chini ya mlima kwa ajili ya kitu ambacho binadamu hukinyunyiza kwenye mboga bila kukifikiria.

Karibu zaidi na Simiyu ipo Serengeti, ambayo mpaka wake wa magharibi unaitazama Bariadi. Samuel McNaughton wa Chuo Kikuu cha Syracuse alichapisha mwaka 1988 na 1990, katika jarida la Nature, uchunguzi ulioonyesha kwamba mahali wanyama wanapojikusanya kwa wingi Serengeti, na mahali nyumbu wanapohamia wakati wa mvua, ni mahali ambapo nyasi zina madini zaidi, sodiamu ikiwa miongoni mwake, na kwamba madini hayo ndiyo yanayohitajiwa na jike anayenyonyesha. Nyanda za nyasi fupi za kusini-mashariki zina udongo wa majivu ya volkano, na volkano inayoendelea kuzilisha ni Ol Doinyo Lengai, ambayo ni ya pekee duniani kwa sasa kutoa lava ya kabonati yenye sodiamu, lava nyeusi inayogeuka nyeupe baada ya kukutana na unyevu wa hewa. Magadi ya Ziwa Natron yana asili katika eneo hilohilo. Kwa hiyo safari ya nyumbu, ambayo kwa kawaida huelezwa kuwa ni safari ya kufuata mvua, kwa sehemu fulani ni safari ya kuifuata chumvi iliyotapikwa na mlima.

Wanadamu wa upande huu nao walikuwa na safari yao. Ziwa Eyasi liko mashariki mwa Wilaya ya Meatu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, nalo ni ziwa la kina kifupi lisilo na mto wa kuyatoa maji yake. Mto Sibiti na vijito vingine huleta maji yenye chumvi kidogo kidogo, jua huyakausha, na chumvi hubaki, hata ziwa linapojivuta wakati wa kiangazi pembe zake huwa na gamba jeupe. Wasukuma waliliendea ziwa hilo kwa misafara, na mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala kuhusu misafara hiyo ya chumvi. Wanaume walikwenda kwa makundi, kwa miguu, wakati wa kiangazi ambapo mavuno yamekwisha, wakapita pori lenye simba na lenye uhaba wa maji ya kunywa, wakafika mahali ambapo maji yaliyobaki hayanyweki, wakajifungia mizigo yao na kurudi. Ugumu wa safari hiyo ulikuwa ndani ya bidhaa yenyewe, kwa sababu mwili uliobeba chumvi katika jua la Septemba hutoa jasho, jasho hutoka na chumvi ya gramu moja hadi nne kwa kila lita, na kilichopungua zaidi ya vyote ni maji, ambayo mzigo mgongoni hauwezi kuyatoa.

Hesabu ya robo kilo inaipa misafara hiyo ukubwa wake halisi. Mtu aliyerudi na mzigo wa kilo 25 alibeba chumvi inayolingana na iliyomo katika miili ya watu mia moja. Chombo cha Enterprise, kwa jinsi tamthiliya inavyosimulia, kilikuwa na watu wapatao 430, ambao chumvi ya miili yao yote ikikusanywa haifiki kilo 110, yaani gunia moja na ushee kidogo. Wasukuma wanne au watano waliotoka Eyasi na mizigo ya kadiri hiyo walikuwa wamebeba Enterprise nzima mabegani mwao, na hakuna aliyekufa kwa kunyonywa.

Uchumi wa chumvi wa namna hii haukuwa wa Eyasi peke yake. Uvinza, katika Mkoa wa Kigoma, chemchemi za maji ya chumvi zilichemshwa vyunguni, na uchimbuaji uliofanywa na John Sutton na Andrew Roberts mwaka 1967 ulionyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Kibiro, kwenye ufuko wa Ziwa Albert nchini Uganda, wanawake hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi, wakausubiri unyonye, wakaukwangua, wakauchuja na kuyachemsha maji yake, kisha udongo uleule wakautandaza tena. Inafaa kukumbuka kwamba Robert Crater wa M-113 alikuwa mwanaakiolojia. Alikuwa na magofu ya jamii nzima iliyoishi kwa chumvi, na tamthiliya haikumpa hata nukta moja ya kuuliza jamii ile iliipata wapi, ilivyoigawa, na ni nini kilichokatika hadi akabaki mmoja. Maswali hayo ndiyo ambayo Sutton na Roberts waliyauliza Uvinza, na katika hayo ndimo kisa kizuri zaidi kilimokuwa kimejificha.

Kiswahili kina msemo unaolikaribia jambo hili: mtu aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Umri unahesabiwa kwa kile kinacholiwa kila siku, kidogo kidogo, na kinachotoka kila siku vilevile. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kwa kuwa chumvi ikizidi huongeza shinikizo la damu, na tangu miaka ya 1990 chumvi ya viwandani Tanzania hutiwa madini ya joto, yaani iodini, ili kuzuia rovu, faida ambayo chumvi ya kukwangua ziwani haina. Lakini upungufu wa ghafla ni hatari ya aina nyingine, nayo hutokea hasa kwa kuhara. Mtoto mwenye kipindupindu hupoteza maji na sodiamu kwa saa chache kwa kiasi ambacho kinamwelekeza kwenye kifo kilekile cha wahudumu wa Enterprise, ingawa kwa mwendo wa polepole: macho yanadidimia, ngozi ikifinywa haijirudishi, mapigo ya moyo yanakuwa mepesi hadi hayashikiki.

Tiba yake ilipatikana katika miaka ileile ya tamthiliya. Mwaka 1960, mjini Prague, Robert Crane alieleza kwamba utumbo mwembamba huipokea sodiamu na sukari ya glukosi kwa pamoja, kupitia mlango mmoja ambao hauruhusu mmoja aingie kikamilifu bila mwenzake, na maji huzifuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata utumbo unapokuwa umeshambuliwa na kipindupindu. Mwaka 1968 majaribio ya Dhaka yalithibitisha kwamba wagonjwa wanaweza kuokolewa kwa kunywa, na mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliitumia njia hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, ambako dripu ziliisha. Pakiti ya O.R.S. inayotolewa katika zahanati ina gramu 2.6 za chumvi pamoja na glukosi, potasiamu na sitrati kwa lita moja ya maji, na pasipokuwa na pakiti, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari katika lita moja ya maji safi hufanya kazi. Mama anayemnywesha mwanawe kijiko baada ya kijiko usiku kucha anairudisha chumvi mwilini kwa kasi ambayo utumbo unaikubali, na ni kinyume kamili cha vile vidole vyenye vinyonyeo.

Kwa mwanga huo mwisho wa "The Man Trap" unahuzunisha kuliko waandishi wake walivyoonekana kukusudia. Kirk anaingia katika chumba cha daktari akiwa na vidonge vya chumvi mkononi, anavinyoosha mbele ya kiumbe aliyekwisha kudhoofika kwa njaa, na kiumbe anashindwa kujizuia. Vidonge hivyo vilikuwamo chomboni tangu mwanzo. Vingeweza kuwa chakula, vikawa chambo, na McCoy anampiga kiumbe risasi ya mwanga, hata anapojirudisha katika sura ya Nancy. Kabla ya hapo Crater alikwisha kueleza kwamba kiumbe huyo si mwovu, kwamba ana akili na ana haja, na kwamba ni wa mwisho kama nyati wa Marekani walivyokaribia kuwa. Na katika maneno ya mwisho kabisa Kirk anasema kwamba alikuwa akiwafikiria nyati hao.

Nyati wa Kirk ni baison, jamii tofauti na mbogo wa Serengeti, na walikaribia kuangamizwa kwa bunduki. Mbogo na nyumbu wa Serengeti walipigwa na jambo jingine, sotoka, ugonjwa wa virusi ulioingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaua ng'ombe kwa wingi ulioleta njaa kwa wafugaji, na ukaendelea kuua ndama wa nyumbu na mbogo kwa zaidi ya miaka 60. Walter Plowright, akifanya kazi Muguga nchini Kenya, alitengeneza chanjo iliyokuwa rahisi na salama, na kampeni za kuwachanja ng'ombe wanaoizunguka mbuga zikaukata mnyororo, hata kufikia mwaka 1963 sotoka ikawa imetoweka kwa wanyama wa Serengeti. Nyumbu waliokuwa wapatao 250,000 mwaka 1961 walifika karibu milioni 1.4 mwaka 1977, na mbogo nao waliongezeka kwa kishindo. Jioni ile ya Septemba 1966, Kirk alipokuwa akiomboleza kwenye televisheni za Marekani, mbogo wa upande wa pili wa mpaka wa Bariadi walikuwa wakiongezeka, kwa sababu mtu alikwenda kwenye mazizi ya vijijini na sindano, akawashika ng'ombe mmoja mmoja. Dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka mwaka 2011. Kila mwaka, inapofika Februari, nyumbu majike huzalia katika zile nyanda za majivu ya Lengai, na ndama wao husimama ndani ya dakika chache, wakaanza kunyonya maziwa ambayo sodiamu yake imetoka mlimani.